Managu Niliyokuwa Namwaga

Nimechuma majani chai huku Mogogosiek tangu nikiwa msichana, na hakuna mama wa rika langu aliyewahi kujaza kikapu akaniacha. Kwa hivyo nilipoteleza mtaroni nikavunja mkono wa kulia, uchungu haukunitisha. Nilichoogopa ni kuketi nyumbani nikiangalia wengine wakichuma shamba langu.

Hospitali wakanifunga plasta; nyumbani nikajitibu kwa supu ya mifupa, asubuhi na jioni. Mfupa hujengwa kwa mfupa, nani hajui? Wiki chache baadaye nikarudi hospitali na plasta yangu. Daktari, msichana mdogo kuliko kitinda mimba wangu, akaangalia picha ya mfupa.

"Mama, mfupa unashika polepole sana. Ukikataa kuunga tutaweka chuma. Unakula nini?"

"Supu, ugali, mboga za managu."

"Managu unapika vipi?"

Nikamweleza vile mama yangu alinifundisha: unachemsha mpaka zilegee, unamwaga maji uchungu utoke, unachemsha tena, unatia maziwa, zinalala, kesho unapasha.

Akacheka. "Vitamini C yote imeenda na yale maji, umemwagia kuku!"

Akasema mfupa hufumwa kwanza kama kikapu, halafu ndipo unakuwa mgumu, na vitamini C husaidia kufuma. Tena palipovunjika huvimba na kuwaka kama jiko lenye moshi, na vitamini za aina hiyo huenda zikapunguza moshi. "Hatujajua yote, mama. Lakini mboga na matunda hayatakudhuru. Supu pia usiache."

Nilifika nyumbani nimenuna. Mkamwana wangu akapika managu dakika chache tu, kijani kabisa, chungu.

"Hii ni chakula ya mbuzi," nikamwambia.

"Kula, mama. Umeona mbuzi gani na plasta?"

Nikala. Nikala na mapera ya kwenye ua, yale tunaachia ndege na watoto. Jirani akapita: "Mama mzima unashindana na ndege?" Nikamtupia pera.

Plasta ilipotolewa, daktari alinipa vidole vyake nivifinye. Nikafinya.

"Aii, mama, inatosha!"

Kama ni managu au ni siku tu zilizopita, daktari hakuapa. Mwezi uliofuata niliingia shambani, mikono yote miwili, polepole. Mkamwana alikuwa mstari wa pili. Kufikia saa nne nilikuwa nimempita.