Barua ya Onyo ya Karibu Tena

Hoteli ilipofungwa na chuo kikaichukua kuwa bweni, waliondoka wote: meneja, wapishi, watandika vitanda, hata samaki wa kwenye tangi la mapokezi. Alibaki mpokea wageni peke yake. Mwenyewe husema hakubaki kwa umahiri. Alibaki kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kufungua stoo ya mizigo, ambayo mlango wake haukubali mpaka upigwe goti.

Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ile akitabasamu. Tabasamu lilishamganda usoni, kiasi kwamba siku moja alikwenda nalo msibani, na shemeji yake akakaa mwezi mzima bila kumsemesha. Sasa chuo kikampa cheo: Msimamizi wa Bweni. Akapeleka habari nyumbani kifua mbele.

"Usimamie wanafunzi? Wewe?" mkewe akauliza, akikunja nguo. "Baba watoto, paka wa jirani akiingia jikoni unamwomba radhi kwa kumchelewesha!"

"Yule paka alikuwa mgeni," akajitetea.

Basi, wanafunzi hawakumaliza wiki wakambandika jina la Karibu Tena, maana ndivyo alivyomwambia kila aliyetoka mlangoni, hata anayevuka barabara kununua kalamu. Siku ya kwanza aliwabebea vijana masanduku hadi ghorofa ya tatu, mgongo ukimlia, wenyewe wakimfuata nyuma na simu zao. Alipofika juu akasimama mlangoni kwa mazoea, kiganja kikiwa kimekunjuka kidogo, kama mtu anayesubiri kitu. Kijana akakitazama kile kiganja, akakigonga kwa furaha, akafunga mlango.

Lakini cheo kilikuja na mwiba wake. Jengo lile halikuwekewa umeme wa watu kupikia vyumbani. Kila jioni wanafunzi walivuta majiko ya umeme waliyoyaficha chini ya vitanda, wakachomeka, na swichi kuu ikajizima, pap! Bweni zima giza. Ndipo alipokuja mama mmoja wa chuo, mlezi wa wanafunzi, akamwekea rundo la karatasi juu ya kaunta.

"Mzee wangu, hizi ni barua za onyo. Zimeshapigwa chapa, wewe unajaza jina tu. Mwezi wako wa majaribio unaisha Ijumaa. Nikija nisikute hata barua moja uliyotoa, nitajua huwezi kumkaripia mtu, nami nitatafuta anayeweza. Tumeelewana?"

"Karibu tena," akajibu, kisha akajing'ata ulimi.

Jumatatu akajikaza. Akapanda hadi chumba cha kumi na nne, kulikokuwa kunanukia vitunguu. Njia nzima alikuwa akilifanyia mazoezi neno moja: Huna adabu! Huna adabu! Akagonga mara tatu, akarudi nyuma hatua moja kama alivyofundishwa. Akafungua binti wa uhandisi, mwiko mkononi, mvuke nyuma yake.

"Samahani kwa usumbufu," ikamtoka Karibu Tena. "Chumba kinaridhisha?"

"Meza yangu inayumba, Mjomba."

Akapiga magoti, akaikunja barua ya onyo mara nne, akaipachika chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba barua ile haikufanya kazi.

Jumatano aliona kazi imeshamponyoka. Alikuwa kwenye kaunta akijiuliza atamwambia nini mkewe, macho yakamtua kwenye mlango wa stoo ya mizigo. Kukaripia hakukujua. Je, kuhudumia? Akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa kadi za harusi:

"Wageni wetu wapendwa, tumesikitika kugundua kwamba majiko yenu yanalala chini ya vitanda, vumbini. Tunaomba radhi. Kuanzia leo yatatunzwa stoo kwa heshima yake. Jiko kubwa la hoteli, la gesi, liko wazi kwenu nyote, asubuhi hadi jioni."

Wa kwanza kushuka alikuwa binti wa chumba cha kumi na nne, jiko kalifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga.

"Nikilitaka nitalipata, Mjomba?"

"Kwa namba yako, binti yangu." Akalifungia kadi yenye namba, nusu akampa yeye. Kufikia Alhamisi jioni majiko thelathini na moja yalikuwa yamepangwa stoo, kila moja na kadi yake, na taa za bweni hazikucheza hata kidogo. Karibu Tena akatembea korido kama jemadari.

Ijumaa asubuhi akataka kumpokea Mama Mlezi kihoteli hasa. Akachomeka pasi, anyooshe koti la vifungo vya shaba. Akachomeka birika la chai. Na ili mkate upate moto, akachomeka jiko lake mwenyewe, alilolificha chini ya kaunta tangu enzi za hoteli.

Pap!

Mama Mlezi alikuwa ndio kwanza anaingia. Wanafunzi wakajaa kwenye ngazi. Binti wa kumi na nne akachungulia nyuma ya kaunta.

"Mjomba, na hili lako ni namba ngapi?"

Mama Mlezi akanyoosha mkono. "Barua."

Karibu Tena akavuta karatasi moja, akajaza jina lake mwenyewe. Sehemu ya msimamizi akatia sahihi, sehemu ya mkosaji akatia sahihi. Kisha akageukia kioo cha ukutani, akajitazama, na lile neno lililomkwama wiki nzima likatoka kwa kishindo mpaka kengele ya kaunta ikalia:

"Huna adabu!"

Ngazi nzima ikashangilia. Mama Mlezi akaisoma barua mara mbili, midomo ikimcheza.

"Nilisema hata moja," akasema, akiitia kwenye faili. "Jumatatu nikukute kazini. Na jiko hilo, stoo."

Likapewa kadi namba thelathini na mbili.

Jioni mkewe alimsubiri mlangoni. "Enhe? Umemkaripia mtu?"

"Mzee mmoja pale mapokezi. Mkaidi kweli kweli."

"Akajibuje?"

Karibu Tena akavua koti, akalitundika taratibu.

"Akaomba radhi kwa usumbufu."