Kistari cha Mwalimu wa Kwaya

Kifaransa changu kilikuwa na sarufi safi na matamshi ya kuchekesha. Kila neno nililikazia silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema "kitabu" na "asubuhi". Mwalimu wangu wa Kifaransa mjini Nakuru alinivumilia miezi sita, kisha akanitolea uvivu: nikisoma hivyo kwenye mahojiano ya kazi ya kuongoza watalii, kazi sitaipata. Nilikasirika, hasa kwa sababu alisema kweli.

Hasira hiyo niliibeba hadi mazoezi ya kwaya kule mtaani Free Area. Mwalimu wetu wa kwaya ni fundi wa viatu. Kifaransa hajui hata salamu. Aliniona nimenuna, akauliza kuna nini, nikamwonyesha kifungu cha Kifaransa nitakachosoma kwenye mahojiano.

"Si haya ni kama maneno ya wimbo tu?" akasema. "Hebu niskize vile wenyewe wanasoma."

Nikamwekea rekodi ya Mfaransa akikisoma, kwenye simu. Aliirudia labda mara ishirini. Kisha akachukua karatasi na kufanya anavyofanya kwa kila wimbo: akayakata maneno vipande, kila kipande chini ya noti yake ya solfa, zile do, re, mi. A-ni-mal. Baada ya "mal" akaweka kistari, alama yetu ya kuvuta sauti. Tulipofika "animal sauvage", yaani mnyama wa porini, akakifuta na kukihamishia mwisho kabisa, baada ya "vage".

"Hawa watu hawavuti kila neno. Wanangoja waishe kusema. Imba."

Niliimba wiki tatu kibandani kwake, yeye akinipigia mapigo kwa nyundo ya viatu.

Siku ya mahojiano nilisoma bila kukwama. Mama aliyenihoji aliinua macho, akauliza ni nani amenifundisha kusoma vizuri hivyo. Akilini nilimwona mwalimu wangu wa kwaya, gundi imemkaukia vidoleni. Nikajibu, "Nimejifunza mtandaoni."

Kazi nilipata. Nilimpelekea habari na kilo mbili za sukari, akafurahi kunishinda. Jibu lile sikumwambia. Lakini yeye husoma kila ninachoandika, kidole kikifuata mstari, kwa hivyo sasa amefika hapa. Mwalimu, ni wewe uliyenifundisha. Niliona haya kumtaja fundi wa viatu, na tangu siku ile naona haya kwamba niliona haya. Asante.