Bega la Baba Kwenye Daraja la Mawe

Ngo. Ngo. Ngo.

Hivyo ndivyo Baba alivyorudi nyumbani. Kabla hujamwona, unasikia mianzi ikigongana begani mwake akishuka kutoka msituni, na mimi naacha kila kitu nakimbilia njiani. Hadi leo, mtu akishusha mbao mtaani kwetu hapa Bungoma, shingo yangu inageuka yenyewe kabla akili haijaniambia, "Wewe Nekesa, hizo ni mbao tu."

Tuliishi mlimani, juu ya mji wa Cheptais, kule ambako ukungu wa asubuhi unaingia jikoni bila kupiga hodi. Siku moja ya soko, kabla mambo hayajaharibika, Mama alikuwa akifunga vitunguu mafungu mafungu. Baba alitua mianzi, akakaa kwenye kigoda, nami nikamkanda bega la kulia kwa samli. Ngozi ya pale ilikuwa imeota sugu ndefu, nyeusi, ngumu kama mkanda. Nikaigonga kwa kidole.

"Hodi!"

"Hakuna mtu. Enda zako," akajibu.

Mchezo ni ule ule kila siku, na kila siku tulicheka kama ni mpya. Mama akasema, "Nyinyi wawili hamna kazi." Nilikuwa darasa la pili na niliamini hakuna mtu mwenye bahati kama mimi.

Halafu vijana wakaingia msituni na bunduki. Walisema wanapigania mashamba. Mimi sikuelewa mambo ya mashamba, nilielewa masikio. Jirani yetu mmoja alirudi kutoka kisimani amejifunga kitambaa kichwani, damu imekauka shingoni, na upande mmoja, pale sikio lilipopaswa kuwa, kitambaa kimelala bapa. Mama alinigeuza uso kwa kiganja chake, lakini nilikuwa nimeshaona.

Tukajifunza kuogopa kwa adabu. Chakula kilipikwa mapema ili moshi usionekane jioni. Kuku akipiga kelele, watu wazima wananyamaza katikati ya neno. Wanajeshi nao wakaja kuwatafuta hao vijana, tukadhani sasa tutapumua. Wapi! Sasa tuliogopa mlima na barabara pia.

Siku moja adhuhuri vijana watatu waliingia uani kwetu.

"Mzee, si wewe ndiye wa mianzi?"

"Ni mimi."

"Kesho utatubebea unga. Njia unazijua."

Baba alisema sawa. Mama aliwapa maziwa lala, wakanywa wamesimama. Mmoja alinisalimu kwa mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho, na ndevu zilikuwa hazijamtoka vizuri.

Walipopotea kwenye ukingo wa shamba, Mama akasema, "Baba Nekesa, ukienda nao hurudi."

"Na nisipoenda?"

"Tuende kwa senge."

Senge ni dada yake Baba, aliyeolewa Kitale. Nyumba yake iko mjini, ng'ambo ya daraja la mawe.

Tuliondoka saa hiyo hiyo tumejitwika vitunguu kama watu wa soko. Hatukufunga mlango, ili anayepita aone ni watu wa kurudi. Kule chini barabarani tukapata lori la mahindi, tukapanda juu ya magunia pamoja na watu wengine waliokuwa wanahama bila kusema wanahama. Mama mmoja mnene alimtazama Baba kwa muda, akamsogelea Mama.

"Dada, pale darajani wanajeshi wanavua wanaume mashati. Wanatafuta alama ya mkanda wa bunduki begani."

"Sisi hatuna bunduki."

"Mimi nimesema mna bunduki? Nimesema bega."

Mama akatazama bega la Baba. Baba akatazama barabara. Mapaa ya mji yalipoonekana, Mama akanivuta mkono.

"Nekesa, lori likisimama utapanda juu ya Baba. Kaa pale kwa bega."

"Ati nibebwe? Si mimi ni mkubwa!"

"Utapanda."

Lori lilisimama kabla ya daraja. Wanawake na watoto waliambiwa wavuke kwa miguu, wanaume wapange mstari. Baba akachuchumaa, nikapanda, akasimama. Kutoka pale juu niliona kila kitu. Daraja lenyewe lilikuwa zuri, siwezi kudanganya. Mawe ya kuchongwa, matao mawili, kuvu la kijani kwenye nyufa, na chini maji ya rangi ya chai. Juu ya ukingo kulikuwa na mashati, moja juu ya lingine. Wenye mashati sikuwaona.

Mstari ukasogea, Mama akiwa bado kando yetu.

Nilisikia moyo wa Baba kwenye mapaja yangu.

"Shusha mtoto," askari akasema.

"Anaumwa mguu, afande," Mama akajibu haraka.

"Nimesema shusha."

Nilishika masikio ya Baba yote mawili. Yalikuwa moto. Baba mwenyewe akaninyanyua, polepole, akanisimamisha chini na kuvuta gauni langu lifunike magoti. Kisha akavua shati.

Askari aliweka kidole pale pale nilipokuwa nikipiga hodi.

"Hii ni nini?"

"Sugu, afande. Mimi ni mtu wa mianzi."

"Mianzi inakatwa wapi?"

Angeweza kutaja mto, au shamba la mtu. Baba hakuwa na akili ya hivyo. Akiulizwa kitu, anajibu.

"Msituni."

"Kwa hivyo msitu unaujua."

"Naujua."

Basi.

Vijana walimtaka kwa sababu anajua msitu. Wanajeshi walimchukua kwa sababu hiyo hiyo.

Alimwambia Mama, "Tangulieni. Mwambie dada yangu aniwekee chai." Aliongea kama mtu anayeenda kuulizia bei ya kitu tu. Wakampeleka nyuma ya lori lao, wakamlaza kifudifudi pamoja na wengine. Sikuona uso wake tena, niliona nyayo.

Mama hakulia. Alinishika mkono tukavuka, akinibana hadi vidole vyangu vikafa ganzi.

Senge aliiweka chai. Ilipopoa akaipasha. Ikapoa tena.

Tulimtafuta. Mama alizunguka kambi, jela na hospitali, akiwa na picha moja ambayo Baba amefumba macho. Watu wengine waliochukuliwa siku ile walirudi wakichechemea, na walikuwa wanaangalia chini ukiwauliza. Mmoja tu alituambia: "Siku ya kwanza nilimwona. Siku ya pili sikumwona." Zaidi ya hapo hakuna aliyetwambia kitu.

Kwetu, mtu akipotelea njiani, jamaa wanaenda pale alipoonekana mara ya mwisho, wanamwambia twende, kisha wanatembea naye hadi nyumbani bila kuangalia nyuma. Baada ya hapo ndipo mjane ananyoa nywele na watu wanalia vizuri. Wazee walimsihi Mama. Alikataa. "Mnataka nimuue mimi?" akauliza. Hadi leo hajanyoa. Yuko hapa Bungoma nami, anauza mboga, na akisafiri kwenda kwa senge anazunguka njia ndefu asilione daraja lile.

Mimi ni fundi wa cherehani. Shule iliishia kidato cha pili, lakini ndoto zangu hazikujua, ziliendelea. Siku moja nitakuwa na duka la nguo za maharusi lenye kioo kikubwa mbele, mtaona. Nimejaribu kupima jambo hili kama ninavyopima kitambaa. Nimewapima vijana wale, nimewapima wanajeshi. Ukianza upande wowote, anayepungua ni mtu yule yule.

Mwezi uliopita vijana wa kanisa letu walitembelea Kitale, na ratiba ikasema tutaona daraja la kale. Nikaenda, nikiwa nimevaa gauni la njano nililoshona mwenyewe. Kijana aliyetuongoza alieleza jinsi waashi wa zamani walivyochonga mawe yale kwa mkono na jinsi yanavyobeba malori hadi leo. Watu walipiga picha wakiegemea ukingo. Mimi nilisimama mbali na ukingo.

"Nekesa, si ukuje kwa picha! Ama unaogopa utaanguka na hiyo gauni?"

"Gauni ndilo naogopea, bana, mimi nitaogelea," nikasema, wakacheka.

Walipoenda kunywa chai nilisema nitawafuata. Nikarudi upande wa mlimani, pale lori liliposimama. Sikumwita kwa jina, maana ruhusa ya Mama sikuwa nayo. Nilisema tu, "Twende," kwa sauti ya kawaida.

Nikavuka nikitembea katikati ya barabara, nikiacha nafasi ya mtu mmoja kati yangu na ukingo. Bodaboda akapiga honi nyuma yangu. "Madam, songa kando! Huko si kuna nafasi?" Sikusonga, wala sikuangalia nyuma.