Sheria ya Ukutani

Aselefech aliishi miaka saba chini ya upenu wa lango la kanisa, Addis Ababa, tangu chumba alichopanga kilipobomolewa kupisha barabara. Kabla ya hapo alikuwa mbeba kuni, na mgongo wake ulibaki umeinama hata alipokuwa hana mzigo. Pale upenuni mvua haikumfikia, na walevi waliogopa kumgusa mwanamke aliyelala chini ya malaika waliochorwa langoni. Kwake hapo ndipo nyumbani.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria, na sheria ilikuwa na mwenyewe: Etagegn, mama aliyekuwa mkubwa wa ombaomba wa langoni. Mwanamke aliye katika siku zake alikwenda ng'ambo ya barabara, mtaroni, mpaka atakasike. Walevi wa mtaroni hawakumwogopa malaika yeyote. Kanisa liliwazuia wanawake hao kuingia ndani tu. Etagegn ndiye aliyeisogeza sheria mpaka huku nje ukutani, maana watoa sadaka hupenda maskini safi.

Mvua kubwa zilipoanza, damu ya Aselefech ilitoka na haikukoma. Alijua akienda mtaroni hatarudi. Akajifunga matambara, akawa anayafua alfajiri, akanyamaza.

Ndipo akaja Sista Hirut, muuguzi, na gari la kliniki. Aliwaeleza habari za saratani ya mlango wa kizazi: kupimwa ni bure, ni kupakwa siki tu ili doa la ugonjwa lionekane, na atakayeonekana na dalili za mwanzo atatibiwa papo hapo. Akauliza kama yuko anayetokwa na damu nje ya siku zake.

"Damu gani tena, Sista? Yetu yote imenyonywa na kunguni," akasema Etagegn.

Wakacheka. Aselefech alicheka kuwashinda wote.

Etagegn mwenyewe akapanda garini. Alikutwa na doa, likagandishwa kwa baridi, akashuka kwa miguu yake. Siku zilizofuata alivuja maji yenye damu, wala hakuvuka barabara. Alisema hiyo ni ya ugonjwa na dawa, haina unajisi. Aselefech akaona njia imefunguka. Akamsogelea, akamnong'oneza kwamba yake pia ni ya ugonjwa, tena tangu mvua zianze. Akamwomba amsemee kwa Sista.

Etagegn akawageukia wenzake. "Mmemsikia? Tangu mvua. Ndiyo maana sadaka zimekauka."

"Si wewe uliyesema ya ugonjwa haina unajisi, dada mkubwa?" akauliza Aselefech.

"Yangu ina shahidi, Sista mwenyewe. Ya kwako nani kaiona?"

Hakuna aliyempiga. Shuka lake lilitupwa barabarani, na aliyelitupa ni yule aliyelala ubavuni mwake nyakati za baridi. Nafasi ya Aselefech ikawa yake.

Mtaroni walevi hawakukawia kumjia. Baadaye harufu ya ugonjwa ilipozidi, hata wao walimkimbia.

Pasaka ilipokaribia, gari lilirudi. Sista aliuliza kama kuna waliosalia bila kupimwa. Etagegn akajibu kwamba hakuna. Aselefech alimwona Sista kutoka ng'ambo, akataka kusimama, miguu ikagoma. Aliita, magari yakaimeza sauti yake. Akainua mkono, akauacha juu.

Mama mmoja aliyekuwa akienda ibadani akasimama, akatia noti ya birr moja katika ule mkono, akaziba pua kwa shela, akavuka barabara.