Mbavu Zilizorudi Zimelambwa

Mume wangu hagombani. Ni mtu wa kusema jambo mara moja, kwa sauti ndogo, kisha anakwenda kuangalia ng'ombe. Kwa hiyo aliposema, "Mama alikuwa anazichemsha kwanza," nilijua vita vimeanza.

Alikuwa anazungumzia mbavu za nguruwe. Nilikuwa nimezipanga juu ya wavu, mbichi, zimepakwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu, na makaa yalikuwa yameshatulia vizuri. Kwetu ni Singida. Kwetu nyama ikitoka buchani inakwenda motoni, haipiti mahali pengine. Marehemu baba yangu alikuwa akisema nyama iliyochemshwa kabla ya kuchomwa ni ya wagonjwa, na kwamba mtu mzima anastahili nyama ya kuyapa meno kazi. Nililelewa katika imani hiyo sambamba na ya kanisani, na nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi huku Rungwe, nikaolewa hukuhuku Kinyala, nilihama nazo zote mbili.

"Alikuwa anazichemsha kwa nini?" nilimuuliza.

"Alikuwa anazichemsha tu."

Akaenda kuangalia ng'ombe.

Mbavu zenyewe hazikuwa zetu, zilikuwa za baba yake. Mama mkwe wangu alifariki mvua za masika zilipoanza, na tangu tumzike, mzee alikuwa anapungua. Ugonjwa wa kutajika hakuwa nao. Zahanati walimpima wakasema ale vizuri, hasa nyama na mayai. Yeye alikula mbalaga, zile ndizi zetu za kupikwa mpaka zinalainika, vijiko vichache, kisha akasukuma sahani. Mayai alisema ni ya watoto. Mume wangu alimtobolea mkanda wa suruali tundu jipya kwa msumari wa moto, na haukupita muda akatoboa jingine. Niliogopa. Nilikuwa nimeshaona wazee wa namna hiyo, mke akitangulia nao wanaanza kufunga virago kimyakimya. Kitu pekee ambacho mzee alikitaja kwa hiari yake, kupitia kwa mume wangu, kilikuwa mbavu. Basi kila Jumamosi nilishuka Ibighi kununua mbavu, nikazichoma kwa ujuzi wote wa Singida, na kila Jumamosi zilirudi.

Inabidi nieleze chakula kilivyokuwa kinasafiri. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Si chuki, ni heshima. Hampeani mikono, hamsemeshani, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na mkikaribia kukutana njiani, mwanamke ndiye anayeingia migombani. Siku hizi wengi wameacha, hasa mjini Tukuyu, ambako baba mkwe na mkwe wanatazama taarifa ya habari kwenye kochi moja. Mzee wangu hakuacha. Nyumba yake ndogo inatazamana na jiko letu, na kwa miaka yote ya ndoa yangu nilimfahamu kwa mgongo, kofia na kikohozi. Nikipeleka chakula, niliweka sahani kwenye benchi la baraza yake, nikagonga kifuniko mara mbili, nikaondoka. Akishasikia ndala zangu zimefika mbali, alitoka. Ni utaratibu mzuri kuliko watu wanavyodhani. Sijawahi kukwaruzana na baba mkwe wangu kwa neno hata moja, na ni wanawake wachache ninaowajua wanaoweza kusema hivyo.

Sasa, mbavu zilirudi zote, lakini zimelambwa. Chumvi imeondoka, ndimu imeondoka, kitunguu saumu kimeondoka, na nyama imebaki kwenye mfupa, safi, kama imeoshwa. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu asiyetaka nyama haigusi, na anayeitaka anaila. Huyu alikuwa anaonja kazi yangu, anaitafakari, halafu anairudisha na kifuniko juu. Niliona ananiambia kwa adabu kwamba aliyemzika alikuwa mpishi na mimi ni mwalimu.

Muuza nyama wa Ibighi alikuwa upande wangu. "Mama mwalimu, ukizichemsha hizi utamu wote unaishia kwenye maji," alisema huku anazikata kwa shoka. "Utamchomea mzee wa watu kamba." Nilifarijika sana. Baadaye nilimuuliza yeye kwake wanazipikaje, akasema hajui, anapika mke wake.

Nilijaribu kila kitu isipokuwa maji. Nilizichoma kwa moto mdogo, nikazichoma kwa moto mkali, nikaziacha kwenye ndimu usiku kucha. Wiki moja nilizipaka asali. Zilirudi zimelambwa zaidi.

"Mama alikuwa anazichemsha," mume wangu alisema tena, akiwa ameshika ndoo ya maziwa.

"Mama yako Mungu amlaze pema," nilimwambia, "lakini mimi siwezi kushindana na marehemu kwa sufuria."

Alinitazama kidogo, akatoka na ndoo yake. Nilijisikia vibaya, lakini sikuchemsha.

Jumamosi iliyofuata mume wangu alikwenda Tukuyu kutengenezesha pikipiki. Nilipeleka sahani, nikagonga kifuniko, nikarudi jikoni, na pale mezani nikakuta bakuli la kachumbari nimelisahau. Nyama choma bila kachumbari kwetu ni aibu. Nikalichukua na kuzunguka kupitia migombani, nia yangu nikaliweke mwisho wa benchi bila kuonekana. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na ardhi ilikuwa laini, kwa hiyo ndala zangu hazikutoa sauti. Nilipotokeza pembeni ya nyumba, mzee alikuwa ameshakaa na sahani mapajani.

Nilipaswa kugeuka. Najua nilipaswa kugeuka. Nilisimama na bakuli langu nyuma ya mgomba, nikamtazama baba mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza.

Alivua kofia, akaomba. Akachukua ubavu mmoja, akauingiza mdomoni upande wa kulia, akauhamishia kushoto, akaurudisha kulia. Akautoa, akautazama. Akafungua kisu kidogo cha mfukoni, akakata kipande, akakitafuna kwa ufizi muda mrefu sana, kisha akakitema kiganjani na kukitupia kuku. Baada ya hapo akaanza kulamba. Alilamba ubavu mmoja mmoja, taratibu, amefumba macho, na kila alipomaliza aliupanga vizuri kwenye sahani. Alipopanua mdomo niliona jino moja, la chini, limesimama peke yake.

Nilirudi jikoni na kachumbari yangu. Nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa ya mtu aliyekwenda na pikipiki.

Aliporudi sikumpa hata nafasi ya kuvua koti. "Baba yako hana meno."

Alitazama kwanza mlangoni. "Umemwona?"

"Nimeona jino."

Akafikiri. "Moja?"

"Moja."

"Basi lile lingine limeng'oka," alisema, akaketi.

Nilimuuliza ni kwa nini katika nyumba nzima ni mimi tu, ninayepika, ambaye sikuambiwa. Alishangaa kwa dhati. Ningeambiwaje? Ule ni mdomo wa baba. Mtu hawezi kukaa na mke wake akaanza kumweleza mdomo wa baba yake, kana kwamba anaeleza mdomo wa mbuzi wa kuuza. Mzee mwenyewe angesikia angehama. "Ila nilikwambia," alisema. "Nilikwambia mama alikuwa anazichemsha."

Kusema kweli, aliniambia.

Zilikuwepo mbavu nilizobakiza mbichi. Nilizitia kwenye sufuria na maji ya kuzifunika tu, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kidogo, maana sikujua nyama itanyonya chumvi kiasi gani. Nikafunika, nikapunguza makaa. Mume wangu alisimama mlangoni akiangalia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alizungumza mfululizo. Alisema mama yake alikuwa anasubiri nyama ianze kupanda juu na kuacha ncha ya mfupa wazi. Alikuwa anazitoa, anaziacha zikauke upepo kabla ya kuziweka motoni, ili zisichuruzike zikazima makaa. Alikuwa anazichoma kwa muda mfupi tu, zipate rangi na harufu ya moshi, ili mtu akizishika aone ni nyama choma kama ya wanaume wengine. Aliposema hivyo akatoka. Nilimwacha. Hata mimi macho yalikuwa yameniwasha, na safari hii haukuwa moshi.

Nilionja moja. Ilikuwa laini kupita kiasi. Kwetu mtu angeuliza nani anaumwa.

Nikapeleka sahani, nikaweka kwenye benchi, nikagonga kifuniko mara mbili, nikaondoka kwa hatua za kusikika. Nilipofika nyuma ya ukuta wa jiko nilisimama. Baada ya muda nikasikia kitu kidogo kikianguka kwenye sahani ya bati. Ni sauti ya mfupa mtupu, haifanani na sauti ya mfupa wenye nyama. Kikaanguka kingine.

"Kuku," mzee akasema.

Alikuwa na sauti nzito kuliko kikohozi chake. Kuku walikuwa wanachakura hapo uani, hakuna aliyeinua kichwa.

"Kuku, mwambie huyo anayepika, chumfi ndogo."

Katika miaka yote hiyo, hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, na yalikuwa malalamiko. Nilifurahi hata nikajiziba mdomo. Nilipopata sauti, nilimwambia kuku aliyekuwa upande wangu, kwa nguvu ya kutosha, kwamba nimesikia, nitaongeza.

Mfupa mwingine ukaanguka. Nikadhani mazungumzo yamekwisha.

"Kuku, muulize. Na kesho sipo?"

Alimaanisha zipo, mbavu. Hazikuwepo. Nilikuwa nimepika zote, zilizobaki zilikuwa mapajani mwake. Lakini tangu tumzike mkewe, mzee yule hakuwahi kuulizia kesho, ya chakula wala ya kitu kingine, na mimi sikuwa tayari kuwa mtu wa kumjibu hakuna. Nikamwambia kuku zipo.