Kidole cha Baba na Kilimia

Mimi sijawahi kuona chochote tangu nizaliwe, kwa hiyo mjadala wa vitu visivyoonekana haunitishi. Ofisini kwetu, hapa Dodoma mjini, yupo mwenzangu mmoja anayependa kutangaza wakati wa chai kwamba kisichoonekana kwa jicho wala kupimika kwa chombo hakipo, Mungu akiwamo. Siku moja nilimwuliza kama yeye mwenyewe yupo, maana sijamwona. Akasema namsikia. Hapo alinipata, nikamwacha ale andazi lake kwa amani.

Lakini nyota sizisikii, sizigusi, hazina harufu wala joto. Hizo nilizichukua kwa mdomo wa baba.

Baba ni mkulima wa kule milimani, karibu na Kibakwe. Kila mwaka mvua zikikaribia alikuwa akikisubiri Kilimia, kile kikundi cha nyota kinachowaambia wakulima kwamba wakati wa kupanda umefika. Jioni alipokiona, alitoa mbegu za mtama uani, akaniita, akanishika mkono na kukielekeza kidole changu angani. "Kipo pale," alisema. Kisha akaziombea mbegu. Nami, mbishi tangu utotoni, nilimwuliza nitajuaje kama hanidanganyi. Alicheka tu, akaushikilia mkono palepale. Ndugu zangu wenye macho walionyeshwa kwa kidevu. Mimi nilipewa mkono mzima, kila mwaka, na mpaka leo nashukuru. Mzazi mwingine angeona ni kazi bure kumwonyesha nyota mtoto kipofu.

Mwaka jana macho ya baba yakazima. Hospitali walisema ni presha ya macho na hayatarudi. Mvua zilipokaribia mama akanipigia simu: mzee hataki kuzigusa mbegu, na kusali ameacha kabisa, anasema hawezi kuongea na giza. Shamba halikumtia mama hofu, vibarua wapo. Alichoogopa ni kwamba mumewe angemaliza maisha yake akiwa ameamini hakuna anayemsikia. Niliomba ruhusa kazini nikaenda.

Nilimkuta ameketi uani. Nilimwamkia, akaitikia kwa shida. Nilikuwa nimepanga maneno ya upole, lakini hasira zikanitangulia. Nikamwambia hilo giza linalomfanya aone mbingu ni tupu ndimo nilimokulia mimi, na kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kuwa giza hili si tupu. Sikuwa na mahubiri ya kumpa, kwani mimi na Mungu bado tunabishana.

Ng'ombe walipokwisha kuingia zizini, nikamwomba mama alete mbegu. Nikamwinua baba, nikamshika mkono. Sikuhitaji kuuliza upande. Ni kushoto kidogo kwa pale jua linaponipiga usoni asubuhi, juu ya paa la jiko. Mkono wangu umeizoea njia hiyo. Nikakielekeza kidole chake.

"Kipo pale," nikasema.

"Umejuaje?"

"Wewe ndiye uliyeniambia, baba."

Mama akaninong'oneza kwamba mawingu yametanda, haoni hata nyota moja. Baba alimsikia. Nilidhani sasa atauteremsha mkono, nami nikauondoa wangu uliokuwa umechoka. Wake ukabaki juu.

"Mawingu hayakiondoi," akamwambia mama, kwa sauti ile ya zamani ya mtu anayejua shamba lake. Kisha akauliza mbegu ziko wapi, akazipapasa kwenye ungo, akaanza kusali. Alikwama mara kadhaa, akaanza upya. Kabla ya kuomba mvua, alishukuru kwa ajili ya mkono wangu.

Mimi sijui sala ile ilifika wapi, na sitamdanganya mwenzangu wa ofisini kwamba najua. Lakini nilisema amina kwa sauti kubwa, baba asikie kwamba nipo.