Swali Nililomtwisha Bibi Ruti

Mwanangu, mpaka leo naisikia mashine ya baba ya kumenya kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Krru, krru, krru, halafu ikanyamaza. Baba hakuwa mtu wa kuacha ndoo katikati. Siku ile aliiacha kwa sababu ya neno lililotoka kinywani mwangu, na ndilo ninalotaka kukusimulia. Mvi bado sina, najua utacheka nikijiita mzee, lakini mtu aliyezika huwa amezeeka kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuja nyumbani Mbozi kujifungulia kwa mama, maana ndiye aliyekuwa mtoto wangu wa kwanza, na mume wangu alikuwa machimboni Saza. Nikamzaa Yohana, kaka yako. Alikuwa mnene, acha tu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilimsimulia mambo makubwa: nitafungua duka la ushonaji pale Mlowo, kibao kiandikwe Yohana Fashoni, mabasi ya Tunduma yakipita watu wasome. Alinisikiliza vizuri kuliko baba yake.

Akiwa na miezi saba, tukiwa bado kwa mama, akapata homa, na siku ya pili degedege. Tulimkimbiza zahanati kwa pikipiki nikiomba njia nzima. Daktari akasema malaria imepanda kichwani, akahangaika naye mpaka shati likamlowa. Kufika jioni sikuwa na mtoto.

Kwa nini Mungu hakunisikia? Swali hilo lilinikwama kooni, na mimi nikatafuta jingine lililo jepesi kumeza: nani amemfanya hivi? Jumapili iliyotangulia, Bibi Ruti, jirani yetu mjane, alimpakata Yohana nje ya kanisa akasema, "Kajukuu kangu kazito, katanivunja mkono." Tukacheka wote. Sasa msibani shangazi akaniuliza kwa sauti ya chini, nani alimshika mtoto siku zile za mwisho. Nikataja jina. Jina tu, mwanangu, sikuongeza kitu.

Baada ya siku tatu kaka zangu wa ukoo walikuwa wamepanga kuwaita lambalamba, wale waganga wanaopita nyumba kwa nyumba kufichua wachawi. Sote tulijua nyumba wanayoinyooshea kidole huchomwa, na mwenyewe akibahatika huhama akiwa hai.

Nilimkuta Baba anamenya kahawa, nikamwambia, "Keshokutwa wanakuja. Bibi Ruti atataja mwenyewe alichomfanyia mwanangu."

Ndipo mashine ikanyamaza.

Alijifuta utelezi wa kahawa mikononi, polepole. Msibani sikumwona akilia, lakini sasa macho yalikuwa mekundu.

"Mama," akaniita hivyo, kama nilipokuwa mdogo, "swali lako ni la nani? La Ruti au la Mungu?"

"La Mungu," nikasema.

"Basi mpelekee mwenyewe. Mgombeze, mlilie, mnunie hata mwaka mzima. Yeye ana mgongo wa kubeba hasira yako. Yule bibi hana."

Nikamwuliza kama si dhambi kumgombeza Mungu. Akasema yeye anamgombeza kila asubuhi tangu tuzike, hapo hapo kwenye mashine, na hajaona akifukuzwa.

Nikashuka katikati ya mibuni nikasema yote. Mengine hayaandikiki. Mungu hakuniambia kwa nini, na hata leo hajaniambia. Ila nilipochoka niliona nilikuwa kama mtoto anayempiga mama yake ngumi mgongoni huku bado amebebwa.

Jioni nikasimama mbele ya ukoo.

"Nilimsingizia mtu," nikasema. "Yohana aliuawa na malaria. Anayemtaka Bibi Ruti aanze na mimi."

"Huyu naye kashalishwa kitu," kaka mmoja akasema, na wengine wakaguna. Shangazi akaniita mjinga. Baba akabeba kigoda chake akaja kukaa upande wangu. Mwishowe wakaghairi, na lambalamba hawakuja. Lakini watu waliendelea kumkwepa Bibi Ruti, wakinyamaza akipita, na kosa hilo ni langu.

Mwanangu, ubaya utakufikia siku moja, nami sitaweza kukuzuilia. Ukikuuma, lia. Asikudanganye mtu kwamba mwenye imani halii. Swali lako zito lipeleke kwa Mungu, hata kwa kelele, na ubaki naye hata akikawia kukujibu. Usimtafute jirani wa kulijibu kwa niaba yake. Nimeishi miaka bila jibu, na bado asubuhi naamka nina hamu na siku, nashona, nacheka, nampenda Mungu.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe watoto watakaokuzika wao. Na siku ya machozi akubebe, hata kama utakuwa unampiga ngumi.

Jumapili ile baada ya kusimama mbele ya ukoo niliwahi kanisani kabla ya kengele, hakukuwa na mtu. Nikaenda mpaka benchi la nyuma anakokaa Bibi Ruti, nikakaa, nikamwachia nafasi upande wa ukutani, anapopenda kuegemea.